Ndani ya Punje ya Chavua (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi chavua inavyosafiri kutoka stameni ya ua moja hadi stigma ya ua jingine. Leo tuipasue punje yenyewe, kwani siku hizi inanadiwa madukani kuwa ni chakula kamili, na dai hilo linahitaji kupimwa.

Mtu akiuliza chavua ina protini kiasi gani, kwanza aseme ni ya mmea upi. Ipo mimea ambayo protini haifiki asilimia 3 ya uzito wa chavua yake, na ipo inayokaribia asilimia 60. Ile ambayo nyuki huileta mzingani ikiwa imelowanishwa kwa nekta na kubanwa miguuni, kwa kawaida huwa na asilimia 20 hivi. Nyingine ni sukari, wanga, mafuta, vitamini za kundi B na madini, hasa potasiamu.

Wingi wa protini nao hautoshi. Mwaka 1953 Mholanzi A. P. de Groot alionyesha kwamba nyuki wa asali huhitaji asidi amino 10 ambazo hawezi kujitengenezea, kila moja kwa kiwango chake. Moja ikipungua, zile tisa hazizibi pengo lake, hata zikiwa tele. Na chavua ya aina nyingi za mikaratusi ina upungufu wa mojawapo, isoleusini. Tena kuna steroli, mafuta ambayo mdudu hana uwezo wa kuyaunda mwilini. Nyuki huyapata katika chavua tu, na bila hayo majana hayakui vizuri.

Ndiyo maana mfugaji anayetundika mizinga karibu na mashamba ya miti ya Sao Hill, kule Mufindi, asihesabu ndoo za asali ya mikaratusi peke yake. Asali huwapa nyuki nguvu ya kuruka. Kizazi kipya hulelewa kwa chavua, na chavua ya mti mmoja, hata ikijaa masega, yaweza kuliacha kundi likidhoofika. Namsihi mfugaji huyo ayalinde maua ya mwituni yaliyosalia mabondeni na kando ya mito: kila ua huleta kilichokosekana kwa mwenzake.

Sasa ganda. Tabaka la nje la punje limeumbwa kwa sporopolenini, mojawapo ya vitu vigumu kuliko vyote vinavyotengenezwa na viumbe hai. Asidi kali nyingi haziliozeshi. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1969, Kendall alichunguza tope la Ziwa Victoria upande wa Uganda, akakuta chavua ya zaidi ya miaka 10,000 ambayo bado iliweza kutambuliwa mmea wake, na kwa chavua hiyo akasoma jinsi misitu ilivyopanuka na kupungua kuzunguka ziwa.

Ganda hilohilo ndilo linalomnyima mlaji sehemu ya faida anayoahidiwa, maana tumbo la binadamu haliwezi kulimeng'enya. Virutubisho hutoka kupitia vitundu vyake tu, na si vyote. Zaidi ya hapo, protini za chavua huwaletea baadhi ya watu mzio mkali. Mwenye pumu au mzio wa chavua asiionje kabla ya kumwona daktari.

Juma lijalo tutaona jinsi nyuki wanavyoichachusha chavua ndani ya masega.