Mwendo, Mapigo na Wakati: Istilahi za Ridhimu katika Kazi za Kila Siku

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri wetu ni zile zinazohusu hisia ya mtu juu ya mwendo wa kazi yake, na juu ya wakati hasa wa kutenda jambo. Mfasiri anapokutana na dhana hizo katika vitabu vya ualimu, vya afya, vya muziki au vya michezo, aghalabu huandika mdundo, au kasi, au muda, kisha akaendelea na safari yake. Maneno hayo matatu ni mazuri, lakini maana zake si moja, wala hayatoshi kuzibeba dhana zote. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba tofauti zinazotafutwa zimo tayari katika kazi za mikono za watu wetu. Kazi ya mwanaistilahi ni kuziokota, kuzipanga, na kuzipa majina yasiyogongana.

Mifano yetu tumeichukua kutoka Mbaha na sehemu zinazoizunguka. Mbaha iko katika mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012. Ufukweni watu huvua na kulima mihogo; juu milimani, Wamatengo hulima maharage, mahindi na kahawa. Hivyo basi kazi za nyumbani, za majini na za shambani hupatikana karibu karibu, na kila moja ina mwendo wake.

1. Kinu: mapigo ya kupokezana

Tuanze na kinu. Mtu mmoja atwangapo makopa peke yake, huinua na kuteremsha mchi kama mwili wake upendavyo. Akija wa pili na mchi wake, mambo hubadilika. Sasa mchi mmoja hauna budi kuwa juu wakati mwingine uko chini. Akiongezeka wa tatu, nafasi baina ya pigo na pigo hupungua zaidi, na kila mmoja hulazimika kutia pigo lake katika nafasi aliyoachiwa. Akiwahi mno, michi hugongana. Akikawia, humzuia anayemfuata.

Hapa kuna mambo manne yanayostahili kutengwa. Kwanza, pigo lenyewe, yaani mchi kushuka mara moja. Pili, mpango wa mapigo unaojirudia. Tatu, wingi wa mapigo katika dakika. Nne, namna mapigo ya mtu mmoja yanavyopatana na ya wenzake. Mfasiri akiyaita yote manne mdundo, msomaji hatajua ni lipi linalozungumzwa.

Kuna na jambo la tano. Mtwangaji mgeni haanzi mara tu anaposhika mchi. Husimama kidogo, akatazama, pengine akatikisa mchi wake hewani, ndipo anaingia. Kitenzi hiki kuingia hutumika vivyo hivyo katika ngoma na katika kwaya. Aliyeingia vibaya anaweza kuwa na nguvu na kasi ya kutosha. Alilokosa ni wakati.

2. Kafi: ridhimu isiyo na mlio

Wapiga makafi wawili katika mtumbwi mmoja hawapokezani kama watwangaji. Makafi yao huingia majini kwa pamoja na kutoka kwa pamoja. Yasipofanya hivyo, chombo huyumba na nguvu hupotea bure. Vilevile katika Mganda, ngoma mashuhuri ya mwambao huu, safu za wachezaji hukanyaga kwa pamoja. Ngoma hiyo ni ya ukoo wa Beni, ambayo historia yake Terence Ranger aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, na gwaride la kijeshi limeacha alama yake ndani yake.

Kafi linatufundisha jambo la pili. Mtumbwi unaweza kwenda kimya kabisa, bila wimbo na bila ngoma, na hata hivyo mpango wa mapigo ukawa timilifu. Basi neno mdundo, ambalo sikioni mwa Mswahili ni sauti ya kitu kinachopigwa, haliwezi kubeba dhana nzima. Wizani limekwisha kuzoeleka kwa wahakiki wa ushairi, nalo lingefaa kuachiwa kazi hiyo. Mahadhi ni mwendo wa sauti katika wimbo. Kwa dhana pana ya mpango wa mapigo unaojirudia, yawe ya kusikika au ya kuonekana au ya kuhisiwa mwilini tu, neno ridhimu, ambalo limekwisha kuingia katika maandishi ya fasihi na muziki, ndilo linalofaa zaidi.

Wako watakaosema kwamba ridhimu ni neno la kigeni. Ni kweli. Lakini neno la mkopo lenye maana moja humsaidia msomaji kuliko neno la nyumbani lililobebeshwa maana tano.

3. Jembe: mwendo wa mtu mwenyewe

Milimani, kwenye miteremko mikali, Wamatengo wana kilimo cha ngoro. Nyasi hufyekwa na kupangwa kwa miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikwa juu ya nyasi hizo. Shamba huwa na mashimo yanayozuia maji ya mvua yasichukue udongo, na nyasi zikioza huwa mbolea. Kazi ni nzito, na watu husaidiana katika utaratibu unaojulikana kwa jina la ngokela.

Katika kazi kama hii jembe halimlazimishi mtu kufuata jembe la jirani yake kama mchi unavyomlazimisha mtwangaji. Kwa hiyo tofauti za watu huonekana wazi. Mmoja hulima kwa mapigo mafupi ya harakaharaka. Mwingine huinua jembe juu, akalishusha polepole, na jioni wakakuta wamemaliza sehemu zilizo sawa. Ndipo watu husema kwamba kila mtu ana mwendo wake.

Usemi huo umethibitishwa na wataalamu. Mwanasaikolojia wa Ufaransa, Paul Fraisse, aliyeandika kitabu juu ya saikolojia ya wakati mwaka 1957, alieleza kwamba mtu akiambiwa agonge meza kwa kidole kwa mwendo unaompendeza, bila kuharakishwa wala kucheleweshwa, hurudia karibu mwendo ule ule kila ajaribiwapo, ingawa watu hutofautiana sana wao kwa wao. Kwa wengi, nafasi baina ya pigo na pigo hukaribia sehemu 6 kati ya 10 za sekunde, yaani mapigo 100 hivi kwa dakika. Imeonekana pia kwamba kwa kawaida watoto hugonga kwa haraka zaidi, na wazee polepole zaidi.

Dhana hii tunapendekeza iitwe mwendo binafsi. Tumeliepuka neno kasi kwa makusudi. Kasi ni kipimo tu, nacho chaweza kuamriwa na mtu mwingine. Mwendo binafsi ni ule ambao mwili huurudia usipoamriwa.

Mwalimu aweza kuuonyesha darasani bila chombo chochote zaidi ya saa. Kila mwanafunzi agonge dawati kwa kidole kama apendavyo. Mwenzake ahesabu mapigo ya sekunde 30, kisha azidishe kwa 2. Zoezi lirudiwe kesho yake, na hesabu za siku mbili zilinganishwe. Baadaye wanafunzi wawili wenye miendo iliyo mbalimbali wagonge kwa pamoja, na darasa litazame nani anamfuata nani. Mwisho wagonge kwa kupokezana. Kwa njia hiyo mwanafunzi ataelewa kwamba mwenzake anayekosea katika kwaya au gwaride pengine si mzembe, bali anavutwa na mwendo wake mwenyewe.

4. Wimbi na taa: kulenga wakati

Turudi ziwani. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na mawimbi hupanda. Mvuvi anayerejea pwani hasukumi mtumbwi wake ovyo. Husubiri nje kidogo, akahesabu mawimbi kwa macho, na linapopita kubwa hupiga kafi kwa nguvu zake zote ili afike mchangani kabla ya lingine. Wavuvi wa usipa nao huwasha taa katika usiku wa giza ili samaki wakusanyike; wavu ukipandishwa mapema, samaki hawajajaa; ukicheleweshwa, wametawanyika.

Mambo haya hayahusu kasi, wala hayahusu muda mrefu au mfupi. Yanahusu kuchagua nukta moja katika wakati na kutenda hapo. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa, nacho ni kulenga. Mtu hulenga shabaha kwa jiwe. Kadhalika aweza kulenga wakati. Jina lake liwe ulengaji wa wakati.

Methali zetu zilikwisha kuijua tofauti hii. Watu hudhani kwamba haraka haraka haina baraka inapingana na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hazipingani. Ya kwanza inazungumzia mwendo, ya pili inazungumzia wakati. Mvuvi wetu hutii zote mbili katika safari moja: hana haraka akiwa nje ya mawimbi, wala hachelewi nafasi ifikapo.

5. Hasara ya kuchanganya

Yamkini msomaji atauliza kama tofauti hizi zina faida yoyote nje ya vitabu vya lugha. Tutoe mifano miwili.

Mwongozo wa huduma ya kwanza humtaka msaidizi akandamize kifua cha mtu mzima ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mfasiri akiandika kwamba kifua kikandamizwe kwa mdundo unaofaa, msaidizi atafuata mwendo binafsi wake, ambao waweza kuwa mapigo 70. Neno linalotakiwa hapo ni kasi ya mapigo, likiambatana na tarakimu. Uhai wa mtu umo katika neno hilo.

Mfano wa pili ni wa ofisini. Katika Mkoa wa Ruvuma mvua huwa za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Waraka unaosema kwamba maofisa wazingatie muda wa kugawa mbolea waweza kueleweka kwa njia mbili: kwamba ugawaji usichukue siku nyingi, au kwamba ufanywe kabla mvua hazijaanza. Ofisa aliyeelewa kwa njia ya kwanza aweza kuigawa mbolea yote kwa siku tatu, kazi safi kabisa, katika mwezi wa Machi. Wakati ungeandikwa badala ya muda, na mwezi ukatajwa, mkulima asingepata hasara.

6. Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Pigo (wingi: mapigo): tendo moja katika mfululizo wa matendo yanayojirudia.

Ridhimu: mpango wa mapigo unaojirudia, uwe unasikika au hausikiki.

Mdundo: ridhimu inayosikika, hasa ya ngoma au ya kitu kinachopigwa.

Kasi ya mapigo: idadi ya mapigo katika kipimo maalumu cha muda, kama vile dakika.

Mwendo binafsi: kasi ya mapigo ambayo mtu huirudia mwenyewe asipoamriwa.

Upatanifu wa mapigo: kupatana kwa mapigo ya watu wawili au zaidi. Uko wa aina mbili: upatanifu wa pamoja, kama wa makafi, na upatanifu wa kupokezana, kama wa michi.

Ulengaji wa wakati: kuchagua nukta ifaayo ya kutenda.

Muda: urefu wa kipindi, baina ya mwanzo na mwisho.

Mwaka 1896, Karl Bücher wa Ujerumani alichapisha kitabu, Arbeit und Rhythmus, akidai kwamba ridhimu ya kazi ndiyo mama wa wimbo na ushairi. Dai hilo limepingwa na wengi. Hata hivyo, kwa upande wa istilahi lina funzo: aliyetaka kuieleza ridhimu ilimbidi kwanza aende kuwatazama watu wakifanya kazi.

Sehemu nyingine za nchi zina kazi nyingine, kama vile kutweka tanga, kufua chuma, kukamua ng'ombe, kusuka ukili, na bila shaka zina vitenzi ambavyo havikutajwa hapa. Walimu na wafasiri wanaovifahamu wavikusanye pamoja na sentensi ambamo hutumika, ili istilahi hizi zipimwe kabla ya kusanifishwa. Istilahi ambayo mtwangaji hawezi kuitambua katika kinu chake mwenyewe itakuwa na maisha mafupi, hata ikichapwa katika kamusi.