Mshahara wa Mlinzi wa Parokia

Frateri anayemalizia teolojia leo, baada ya miaka michache atakabidhiwa parokia. Pamoja na funguo za sakristia atakabidhiwa mpishi, mlinzi, karani, dereva na pengine walimu wa chekechea. Atakuwa mwajiri kabla hajazoea kuitwa Baba Paroko. Waamini wengi nao ni waajiri ingawa hawajiiti hivyo: mwenye duka na kijana wake wa kuuza, mama lishe na wasaidizi wake wawili, familia yenye dada wa kazi. Ndiyo maana tumeona tuandike juu ya jambo ambalo huwa tunalisikia tu siku mfanyakazi anapokuja kulia ofisini: hali yake ya fedha, na sehemu ya mwajiri katika hali hiyo.

Mfanyakazi anapozama kwenye madeni, wepesi wetu ni kusema hana nidhamu ya fedha. Wapo wa namna hiyo. Lakini tuchukue mlinzi ambaye mshahara wake hutoka mara tarehe 30, mara tarehe 12 ya mwezi unaofuata, kutegemea sadaka zimekujaje. Mwenye nyumba hamsubiri hadi tarehe 12, wala ada ya mtoto. Anakwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa mikopo iliyopewa jina la kausha damu. Akichukua shilingi 100,000 na kutakiwa kurudisha 130,000 baada ya mwezi, mshahara ujao umeshapungua 30,000 kabla haujafika, na mwezi huo naye atakopa tena. Wengine huacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji. Mikopo ya kwenye simu nayo imeumiza wengi; Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Katika mfano huu chanzo cha deni ni tarehe ya malipo, na tarehe ya malipo iko mikononi mwa mwajiri.

Kumbe msaada wa kwanza hauhitaji semina wala mtaalamu: ni mshahara unaotosha, siku ile ile kila mwezi. Torati ilishaagiza kwamba kibarua maskini alipwe ujira wake kabla jua halijatua. Papa Leo wa XIII, katika waraka Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba mshahara sharti umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi kuishi, na kwamba akikubali pungufu kwa sababu ya shida, kukubali kwake hakuifanyi dhuluma kuwa haki. Aliongeza jambo ambalo halisemwi sana mimbarini: mshahara wa kutosha humwezesha mfanyakazi kuweka akiba na kupata mali kidogo ya kwake. Hivyo hatuwezi kumhubiria mtu kuweka akiba kabla hatujaangalia kama tumemwachia cha kuweka.

Sasa tuje kwenye michango ya hifadhi ya jamii, mahali ambapo tunadhani taasisi nyingi, za Kanisa zikiwemo, zinahitaji kujichunguza. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi nchini Tanzania, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Mlinzi wa shilingi 200,000 akikatwa 20,000 na parokia ikaongeza 20,000, kila mwezi zinaingia 40,000, kwa mwaka 480,000. Pensheni ya uzeeni hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Hapo ndipo uzembe wa mwajiri unapouma. Paroko mmoja akiacha kupeleka michango kwa miaka mitatu, akahamishwa, na aliyemfuata akaendelea hivyo hivyo kwa sababu hakukuta faili, mlinzi aliyekesha getini miaka 17 anaweza kufika uzeeni bila kutimiza miezi hiyo. Kibaya zaidi ni kumkata fedha kisha kutozipeleka. Fedha iliyokatwa si ya parokia, hata kama paa la kanisa linavuja.

Kumwandikisha peke yake hakutoshi. Mfanyakazi apewe namba yake ya uanachama, aoneshwe namna ya kuangalia michango yake, na kila mwezi apate hati ya mshahara inayoonesha alichopata, kilichokatwa na sababu zake. Hata dada wa kazi anastahili karatasi hiyo.

Kuhusu makato mengine, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi kuliko tunavyoishi. Sufuria likipotea jikoni, huwezi tu kulitoa kwenye mshahara wa mpishi. Lazima awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, awe amepewa nafasi ya kujieleza, na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Michango ya harambee nayo, tukisema ukweli, haipaswi kukatwa kimya kimya kwa sababu tu mfanyakazi ni muumini wetu.

Kwa dharura, ni vema taasisi iwe na utaratibu ulioandikwa wa kukopa mshahara: kiasi gani, mara ngapi kwa mwaka, kinarudishwa kwa miezi mingapi, bila riba. Usipoandikwa, anapata yule anayejua kuongea na Baba, na mwenye haya anaenda kausha damu. Palipo na SACCOS, mwajiri anaweza kukubali kukata akiba moja kwa moja, mfanyakazi mwenyewe akiwa ameridhia kwa maandishi. Akiba inayotoka kabla mshahara haujafika mkononi huwa inadumu. Elimu ya fedha nayo ina nafasi yake, ilimradi ifanyike ndani ya saa za kazi na mwalimu asiwe mtu wa kuuza mikopo.

Kwa mafrateri tunaongeza moja. Siku ya makabidhiano ya parokia huhesabiwa kalisi, viti, mifugo na salio la benki. Ombeni pia orodha ya wafanyakazi: mikataba yao, mishahara wanayodai, na mwezi wa mwisho ambao mchango wa kila mmoja ulipelekwa NSSF. Iombeni kabla hamjaweka saini.