Baada ya mahafali, usimuulize mwanao kama amepata kazi, muulize alilala saa ngapi

Joho la mahafali mara nyingi ni la kukodi. Unalivaa siku moja, unapiga picha na mama, na shangazi aliyetoka kijijini, na majirani waliobanana kwenye Noah moja, kisha unalirudisha.

Langu nililirudisha Novemba 2021. Siku chache baadaye nikapanda basi kwenda nyumbani Morogoro nikiwa na mabegi mawili, godoro la futi tatu na jiko dogo la gesi. Mama alinipokea stendi ya Msamvu akiwa amevaa kitenge kilekile cha siku ya mahafali. Njia nzima alikuwa akisalimia watu na kuwaambia, “Huyu ndiye yule wangu aliyemaliza chuo.”

Wiki ya kwanza niliamka saa 12 asubuhi. Wiki ya tatu, saa 4. Mwezi wa pili nilikuwa natoka chumbani saa 7 mchana, mama ameshamaliza kuuza vitumbua vyake, ameshatoka sokoni na chakula cha mchana kiko jikoni.

Nyumbani hakuna aliyesema naumwa. Waliona uvivu. Siku moja nilimsikia baba akimwambia jirani barazani, “Usomi wenyewe ndio huu, kulala mpaka jua la utosi.”

Leo naandika habari za afya, na kati ya ujumbe ninaoupokea kutoka kwa wazazi, huu unajirudia: kijana wangu amemaliza chuo, yuko nyumbani, halali usiku, mchana haamki, ukimsemesha anakuwa mkali. Je, ni bangi? Amerogwa? Kabla hujafika huko, ngoja nikusimulie yaliyonikuta.

Usiku ulivyogeuka mchana

Chuoni siku ilikuwa na mpangilio hata kama hukuupenda. Kipindi saa 2 asubuhi, kazi ya kikundi saa 8 mchana, jioni foleni ya chakula, usiku kujisomea kwa ajili ya mtihani. Kulikuwa na wenzako chumbani wa kukuamsha. Kulikuwa na bumu la kusubiri. Ukiugua, kulikuwa na kadi ya bima ya wanafunzi, ile tuliyoilipia Sh50,400 kwa mwaka.

Vyote hivyo vinaisha kwa wakati mmoja. Unarudi kwenye chumba ulichokiacha ukiwa kidato cha sita, na hakuna mtu wala kitu kinachokudai uamke.

Kinachobaki ni simu. Bando la usiku lilikuwa nafuu kuliko la mchana, kwa hiyo nikawa nasubiri watu walale. Nilianza na tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, nikitazama kama jina langu limo kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili. Halimo. Nahamia Instagram. Kisha status za WhatsApp, ambako mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja ameweka picha, kitambulisho cha ofisi kinaning’inia shingoni. Namwandikia “Hongera sana mamii”, naweka na vikopa vitatu, halafu naangalia dari mpaka saa 9 usiku.

Kitaalamu jambo hili lina maelezo. Mwili una saa yake ya ndani, na saa hiyo inarekebishwa zaidi na mwanga. Giza likiingia, ubongo huachilia homoni iitwayo melatonini ambayo huuandaa mwili kulala. Mwanga mkali wa simu usiku huichelewesha. Ukilala saa 9 na kuamka mchana ndani ya chumba chenye pazia zito, unakosa pia mwanga wa asubuhi ambao ndio ungeirudisha saa hiyo mahali pake. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, lakini saa saba za hovyohovyo hazifanyi kazi ya saa saba za usiku zenye utaratibu.

Kwa hiyo yule kijana anayeitwa mvivu huenda ameshindwa kulala kwanza, ndipo akashindwa kuamka.

Simu inaonyesha waliofika

Mwaka niliohitimu ndio mwaka ambao Nikki wa Pili, msanii wa kundi la Weusi, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Mwaka mmoja nyuma yake, Mwana FA alikuwa ameingia bungeni kama mbunge wa Muheza. Wote wawili ni watu wa hip hop na wote wamesoma hadi shahada ya pili. Kule chuoni tulikuwa tukiwataja kama ushahidi kwamba elimu na kipaji vinalipa.

Nikiwa chumbani usiku, majina yaleyale yalinichoma. Mbona wao?

Sikufanya hesabu rahisi. Mwana FA alikuwa akisikika redioni tangu mapema miaka ya 2000, mimi nikiwa mtoto mdogo. Kutoka hapo mpaka bungeni ni karibu miaka 20. Mimi nilikuwa na miezi miwili tangu nirudishe joho, na tayari nilijiona nimechelewa. Simu ilinionyesha mtu ameshafika. Miaka aliyokaa kituoni akisubiri gari haikunionyesha.

Bahasha ya kaki

Swali la nyumbani lilikuwa moja, tena fupi: “Vipi, wamekupigia?” Baba aliliuliza kila jioni baada ya kuitikia shikamoo yangu. Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba aliuliza kwa upole, akiwa na matumaini yaleyale ya jana.

Mwezi wa tatu nikamdanganya. Nikasema nimepata ofisi ya kujitolea mjini.

Kuanzia hapo, kila siku ya kazi nilitoka nyumbani saa 1:30 asubuhi nikiwa na bahasha ya kaki yenye vyeti. Nauli na hela ya chai alinipa mama, Sh2,000, noti zinazonukia mafuta ya vitumbua. Nilipanda daladala mpaka Msamvu nikakaa stendi kama abiria. Jua likiwa kali nilihamia sokoni, nikazunguka nikiuliza bei za vitu nisivyonunua. Saa 10 jioni narudi nyumbani, nasema kazi nyingi.

Hayo yaliendelea kwa karibu wiki tatu. Usiku bado nililala saa 9. Nguo zikaanza kunipwaya. Chakula kikawa hakina ladha. Singeli, ambayo chuoni ikipigwa nilikuwa wa kwanza kusimama, nikaifuta yote kwenye simu kwa kuwa ilinipigia kelele. Sikujua kwamba kupoteza hamu ya kitu ulichokipenda ni dalili ambayo daktari angetaka kuisikia.

Tamthilia ya saa 3 usiku

Mama ni mtu wa tamthilia. Ikifika saa 3 usiku hapokei simu ya mtu. Mimi msomi nilizidharau, nikajiona wa tamthilia za Kikorea na sinema za kwenye kompyuta. Lakini siku hiyo umeme wa chumbani kwangu ulikuwa na hitilafu, nikakaa naye sebuleni.

Katika tamthilia kulikuwa na kijana anayemdanganya mama yake kwamba ana kazi mjini. Mama yangu, macho yakiwa kwenye televisheni, akasema, “Mama yake anajua huyo. Anajua siku nyingi. Anangoja mtoto aseme mwenyewe.”

Nilikaa kimya. Matangazo yalipoingia nikaanza kulia. Nikamwambia kila kitu, mpaka hesabu ya zile nauli.

Nilitegemea aulize kwa nini, au aseme baba yako akijua. Aliuliza jambo jingine kabisa: “Wewe unalala saa ngapi?”

Sikujibu. Akasema, “Mimi naamka saa 10 kuwasha jiko. Kila siku naona mwanga chini ya mlango wako.”

Kisha tamthilia ikarudi, tukaitazama mpaka mwisho.

Nimeifikiria sana jioni ile. Nadhani niliweza kusema kwa kuwa hatukuwa tunatazamana. Sote wawili tulikuwa tukimtazama mtu wa tatu, kijana wa kwenye televisheni, na aibu ilikuwa ya kwake kwanza kabla ya kuwa yangu. Familia nyingi zinagombana kuhusu muda wa televisheni. Kwetu ndipo mahali pekee palipobaki pa kuzungumza bila kuhojiana.

Mama hakunipa hotuba. Kesho yake usiku aliichukua simu yangu akaiweka sebuleni kwenye chaji, akasema asubuhi ananihitaji jikoni. Saa 11 alfajiri nilikuwa mbele ya jiko nikigeuza vitumbua, macho mazito, nimekasirika. Saa 1 nikawa barazani nauza, jua la Uluguru usoni. Wiki ya kwanza ilikuwa ya mateso. Wiki ya pili, saa 4 usiku nikasinzia mwenyewe.

Baba alipoambiwa, alikaa siku tatu bila kunisemesha. Siku ya nne akaniambia nimsindikize shambani Mkuyuni. Njiani akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba alipomaliza kidato cha nne alikaa kwa mjomba wake mwaka mzima bila kazi, na kila gari lilipopiga honi alidhani ni barua yake. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama wamenipigia.

Kazi niliipata miezi saba baadaye, tena ya kulipwa kwa idadi ya habari. Usingizi haukunipa ajira. Ulichonipa ni nguvu ya kuitafuta na akili ya kuandika barua ya maombi isiyo na makosa.

Lini ni uchovu, lini ni ugonjwa

Mimi nilikuwa na bahati. Kwa wengine, kuamshwa mapema na kunyang’anywa simu hakutoshi, kwa sababu tatizo limeshakuwa sonona.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa sonona ni tofauti na huzuni ya kawaida. Mtu huwa na huzuni au hukosa hamu ya mambo karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili. Huambatana na dalili nyingine kama usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, uchovu, kushindwa kutuliza mawazo, kujiona huna thamani, kukata tamaa, na kwa wengine mawazo ya kufa.

Mzazi, ukiona dalili hizi zimepita wiki mbili, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya. Huko anaweza kupewa rufaa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina huduma za afya ya akili, na Mirembe iliyopo Dodoma ni hospitali ya taifa kwa magonjwa hayo. Sonona inatibika, kwa mazungumzo ya kitaalamu, dawa, au vyote viwili. Sheikh au mchungaji anaweza kumsindikiza mgonjwa. Asichukue nafasi ya daktari.

Akitamka kwamba heri afe, au anaanza kugawa vitu vyake na kuaga, usiseme anatafuta huruma. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa sumu ya panya na dawa za shambani mahali anapoweza kuzifikia, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kwa walio nyumbani sasa

Mzazi, mpe mwanao kazi yenye saa maalumu, kazi ambayo asipoifanya itaonekana. Kumwambia “fanya chochote” hakumsaidii. Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Tayari anajilinganisha naye usiku kucha. Na jioni kaa naye mnapotazama mpira au tamthilia, hata kama hamsemeshani. Siku atakapokuwa na neno, atajua pa kulisemea.

Na wewe mhitimu, simu ilale sebuleni. Toka nje asubuhi, jua likuone. Mweleze ukweli mtu mmoja tu kwa kuanzia. Bahasha ya kaki ni nyepesi, lakini kuibeba kila siku huku unadanganya kunachosha kuliko kazi yoyote niliyoifanya tangu hapo.

Mama bado anauza vitumbua, na bado hapokei simu saa 3 usiku. Hunipigia tamthilia ikiisha. Haulizi habari za ofisini. Juzi aliuliza kama kawaida, “Jana umelala saa ngapi?” Nikamwambia saa 8, nilikuwa namalizia kuandika makala kuhusu umuhimu wa usingizi.

Alicheka sana. Kisha akaniambia nizime simu nilale.