Pleisteshen yapanda mlima, vijana wa Moro hoi!

Mshikaji wa Kihonda, ndoto ya PlayStation 5 sebuleni iweke pembeni kwanza. Zamani mashine ikizeeka bei inashuka: PlayStation 2 iliingia madukani Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, ikafika 2009 inauzwa 99. Hii ya sasa inapanda kama anayekwenda Morningside! Ilianza na dola 499 mwaka 2020, Agosti 2025 Sony wakaisukuma hadi 549.99. Wakati huo ilikuwa zaidi ya Sh milioni 1.3, bado usafiri na ushuru. Kima cha chini serikalini kilifika Sh 500,000 Julai 2025; piga hesabu, karibu miezi mitatu bila kula wala daladala ya Msamvu. Ndiyo maana mabanda ya gemu hayafi. Unalipia mechi, ukifungwa unaachia pedi, kelele za wanaosubiri ni bure.