Nellie Bly na Mkoba Mmoja

Mwaka 1888, Nellie Bly, mwandishi wa gazeti la New York World, alipotaka kuizunguka dunia, alijibiwa kwamba mwanamke hasafiri bila mlinzi wala bila masanduku mengi, hoja ambayo, ikichunguzwa, ilihusu desturi kuliko uwezo. Mwaka 1889, akiwa na miaka 25, aliondoka peke yake na mkoba mmoja wa mkononi, akapita Mfereji wa Suez, yaani njia ya maji iliyochimbwa kuziunganisha Mediterania na Bahari ya Shamu, kisha Aden na Colombo, ambako alikwama siku kadhaa akingoja meli na kulazimika kujifunza subira, jambo gumu kwake, akarejea baada ya siku 72. Hata hivyo, nyuma ya ujasiri huo kulikuwa na fedha za gazeti, ambazo wasichana wengi wa enzi yake hawakuzipata.