Mzunguko wa Siku Moja kwa Baiskeli

Katika Lyamkena, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Makambako, baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha matembezi. Hubeba gunia la mahindi, mkaa, madumu ya maji, na mara nyingine mgonjwa. Ndiyo maana kijana akisema kwamba Jumamosi atazunguka vijijini kutwa nzima bila mzigo wowote, kisha arudi pale pale alipoanzia, wazee humtazama kwa mashaka. Sisi tunamuunga mkono. Lakini tungependa arudi salama, na kwa sababu hiyo tuna maneno machache juu ya namna ya kuipanga safari yake.

Kwanza ni urefu wa njia. Baiskeli ya kawaida isiyo na gia, katika barabara ya udongo yenye miinuko kama ya kwetu, haitegemewi kwenda zaidi ya kilomita 10 hadi 12 kwa saa. Basi kilomita 50 ni saa tano za kukanyaga pedeli tu. Ukiongeza chakula, mapumziko, pancha moja, na salamu ambazo Mbena hawezi kuzikatiza bila kuonekana hana adabu, siku imekwisha. Mwezi Juni jua letu huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama yapata saa kumi na mbili na nusu jioni. Njombe mjini ni kama kilomita 60 kutoka Makambako, tena huko ni juu zaidi. Kwenda na kurudi kwa siku moja ni mashindano, si matembezi.

Wenzetu wa Jambiani, kule Unguja, wakitaka kupita ufukweni kwa baiskeli hutazama maji yamejaa au yamekupwa. Sisi hatuna bahari, ila tuna upepo. Katika miezi ya baridi huvuma kutoka kusini-mashariki, na mwenye busara huukabili asubuhi miguu ikiwa na nguvu, ili jioni umsukume mgongoni. Wengi hufanya kinyume: huanza kwa mteremko na upepo wa nyuma, hujiona mabingwa hadi saa sita, kisha hulipa deni lote wakati wa kurudi.

Tena mzunguko una hila yake. Ukifika nusu, kurudi nyuma ni mbali sawa na kwenda mbele. Yafaa basi kuchagua njia yenye mkato wa kurudia nyumbani, na kukata shauri tangu mapema: ikiwa saa saba mchana hatujafika kijiji fulani, tutashika mkato. Kwa habari za njia, waulizwe wale wanaopeleka mazao sokoni kwa baiskeli kutoka kata kama Mahongole na Kitandililo, kwa maana wao ndio wanaojua daraja lipi ni bovu na mchanga uko wapi. Asiulize tu, "Ni mbali?" Ataambiwa, "Hapo tu," nayo "hapo tu" ya mwenyeji huweza kuwa na vilima vitatu. Aulize mtu hutoka saa ngapi na kufika saa ngapi.

Sasa tuseme lile linalotusumbua zaidi. Makambako ni njia panda. Hapa barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara kuu iendayo Mbeya, Tunduma na Zambia, na malori yenye matela hupita usiku na mchana. Lori likimpita mpanda baiskeli kwa kasi, upepo wake kwanza humsukuma, kisha humvuta kuelekea kwenye magurudumu. Akiponyoka kuelekea pembeni, ukingo wa lami humwangusha. Kwa hiyo kipande cha barabara kuu katika mzunguko kiwe kifupi iwezekanavyo, na kipitwe asubuhi. Jioni mwili umechoka, na dereva anayeelekea magharibi ana jua machoni, hakuoni. Husemwa kwa wepesi mno, baada ya ajali, kwamba mpanda baiskeli "aliingia barabarani". Je, alikuwa na mahali pengine pa kupita? Kila barabara inapotengenezwa upya, tunaomba wahusika wakumbuke kwamba si kila mtumiaji wake ana injini. Njia ya pembeni kwa wapanda baiskeli na waendao kwa miguu isihesabiwe kuwa pambo.

Kuhusu vifaa hatuna mengi. Pampu, viraka na gundi, spana, maji, koti la baridi na taa. Breki zikazwe Ijumaa jioni, si Jumamosi alfajiri fundi angali amelala. Na ikiwa ni msimu wa ulanzi, tunamsihi msafiri aupokee kwa shukrani na kuuacha kwenye dumu mpaka afike nyumbani; mteremko na ulanzi havijapata kuelewana.

Kabla ya kuondoka amwachie mtu nyumbani majina ya vijiji atakavyopita, kwa mfuatano wake, na saa anayotarajia kurudi. Ikifika saa moja usiku hajaonekana, wenye pikipiki watajua waanze kumtafuta upande gani.