Poda Nyeupe Mabegani mwa Mchungaji Mpya

Katika makanisa mengi ya Kolwezi, siku ya kumpokea mchungaji mpya wamama hutandika vikwembe vyao chini ili baba mchungaji na mama mchungaji wapite juu yake. Vigelegele hupigwa, kwaya hushindana kwa sauti. Kisha mzee mmoja hutia mkono ndani ya mkebe wa poda, akawapaka wageni kichwani na mabegani mpaka suti nyeusi igeuke nyeupe.

Asiyejua mambo ya huku atadhani ni shangwe tu. Lakini poda ile ina ukoo mrefu. Kabla ya mkebe wa dukani palikuwa na pemba, udongo mweupe ambao Walunda na Waluba humpaka mtawala anaposimikwa, kuonyesha kwamba walio hai na waliotangulia wamemkubali. Wamethodisti walipofika kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, katika miaka ya 1910, wakiongozwa na John Springer na mkewe Helen, walikuta watu ambao tayari walikuwa na mawazo mazito juu ya kupokezana uongozi. Hawakufundisha jambo hilo kwenye uwanja mtupu.

Masimulizi ya Walunda yanasema kwamba mzee Nkond, baada ya kudhalilishwa na wanawe Chinguli na Chinyama, alimpa binti yake Ruwej bangili ya utawala, lukan. Ruwej akaolewa na Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka kwa Waluba, akamvika bangili ile. Wengine walimkubali mgeni huyo. Kaka zake Ruwej hawakukubali. Wakaondoka na watu wao kuelekea magharibi, na hivyo ndivyo watu wengi wa Angola wanavyoeleza asili ya falme zao. Nimelisikiliza simulizi hili kama onyo. Bangili ilikuwa halali na aliyeitoa alikuwa na haki ya kuitoa, lakini palipokosekana moyo wa kukubali, nyumba iligawanyika.

Sasa fungua Hesabu 27. Musa anaambiwa kwamba atakufa bila kuingia nchi ya ahadi. Badala ya kujililia, anamwomba Mungu awape watu kiongozi, wasije wakawa kundi lisilo na mchungaji. Anamsimamisha Yoshua mbele ya kuhani Eleazari na mbele ya mkutano wote, anamwekea mikono, anampa sehemu ya heshima yake. Hakuna kinachofanyika chumbani. Mtu akitaka kupinga baadaye, alikuwepo, aliona.

Hapo Biblia na mila ya Walunda zinakwenda pamoja, halafu zinaachana. Kwa Walunda, anayerithi cheo hurithi pia jina la aliyetangulia na udugu wake wote: waliokuwa wakimwita marehemu mjomba watamwita yeye mjomba, hata kama ni kijana. Ni hekima kubwa, maana cheo hakifi. Lakini Yoshua alibaki Yoshua. Alipewa kazi ya Musa, hakupewa umbo la Musa, na alipaswa kusimama mbele ya kuhani kuulizia njia. Makanisani mwetu bado tunamvalisha mchungaji mpya umbo la yule wa zamani, tukimlaumu kwamba hahubiri kama yeye wala hacheki kama yeye. Huko si kumpokea.

Kwa mji huu jambo hili lina kidonda. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, ikajazwa na watu wa kila upande: Wasanga wenye nchi, Walunda, Wachokwe, Waluba wa Katanga, Waluba wa Kasai. Mnamo 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye stesheni za reli wakingoja treni, na kuna waliofia hapo. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wameimba katika kwaya zilezile. Kwa hiyo leo katibu wa parokia anaposoma jina la mchungaji ambalo kila mtu anajua limetoka upande gani, na mkutano ukajibu ndiyo, ndiyo ile inagharimu. Naiheshimu kuliko vigelegele vyote.

Wapo pia wanaonyamaza. Sauli alipotangazwa mfalme, baadhi walimdharau wasimletee zawadi. Naye akakaa kimya. Mchungaji mpya atafanya vizuri kuwatembelea hao kwanza, wala asihesabu majina yao.

Kolwezi ina somo jingine, la Wakatoliki. Mwaka 1953 Padri Placide Tempels, Mfransisko, alianza hapa kazi iliyozaa Jamaa, umoja wa mume na mke wanaofundishana na kuwazaa wengine kiroho. Mwaka 1962 alirudi Ubelgiji. Jamaa haikufa, kwa sababu baba na mama wa kiroho walikuwa wamekwisha kuwepo, wafanyakazi wa kampuni ya shaba ya Union Minière na wake zao, waliojulikana kwa watoto waliowazaa. Lakini baadaye vikundi vingine vilikosana na maaskofu na kujitenga. Waliozaliwa kiroho walikuwa wengi. Waliothibitishwa mbele ya kanisa zima, wachache mno.

Makabidhiano yetu, ile remise-reprise, huishia kwenye funguo, muhuri na daftari la sadaka. Ni sawa, na madeni yatajwe hadharani. Ila ningewaomba wazee waongeze siku moja: mchungaji anayeondoka ampeleke mwenzake kwa miguu hadi kwa wajane, kwa wagonjwa, kwa familia zilizofiwa katika mashimo ya wachimbaji, na katika kila nyumba aseme kwa kinywa chake, mbele ya wenye nyumba, kwamba huyu sasa ndiye mchungaji wenu.